Mizani ya Mwalimu Aron

Mwalimu Aron Kipkurui hakuwa mtu mbaya. Tuanze hapo, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu amchukie kabla hajamjua. Kwao, katika nchi ya Wakipsigis, mwendo mfupi kutoka soko la Kapkatet, watu walimpenda sana, ila hawakuwahi kumwambia, kwa sababu kwao watu hawaambiani mambo kama hayo.

Mzee wa rika lake hasifu kilicho chake mbele ya watu. Ng'ombe wake anaweza kujaa maziwa hadi atembee kwa taabu, naye atakuambia ni mifupa tu inayosubiri mvua. Mtoto akizaliwa mnene, nyanya yake atamwita panya na kumtemea mate kidogo kifuani, ili jicho baya lisimpate. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, na kanisani aliyakana mambo ya jicho baya kwa sauti kubwa. Nyumbani hakuthubutu kulijaribu.

Ajabu ni kwamba huyu huyu ndiye aliyeleta kijijini neno la kuyashtaki mambo hayo. Alifundisha Kiingereza shule ya upili mpaka akastaafu, na akiwa bado kijana chuoni alikutana na kitenzi kimoja katika kamusi iliyotoka jalada. Vilipend. Maana yake ni kukidharau kitu chenye thamani, kukitaja kana kwamba si kitu. Waingereza wenyewe waliliacha zamani, na ukilitumia kwao huenda wakakuuliza kama umelala vizuri. Mwalimu alilichukua kama mtu anavyookota paka wa barabarani, akalileta nyumbani na kulilisha.

Kila mwaka aliwatoa wanafunzi wa kidato cha tatu darasani, akawavusha barabara hadi kituo cha kupimia chai, pale wakulima wanapoleta majani yao mabichi kabla lori la kiwanda halijafika. Mizani ya kituo ilikuwa ya kuning'inia. Karani alitundika gunia kwenye ndoana, mshale ukacheza, akasoma uzito, kisha akapunguza kidogo kwa ajili ya gunia na kidogo tena kwa ajili ya mvua, hata siku ambazo mvua haikunyesha.

"Angalieni hapo," Mwalimu aliwaambia wanafunzi, akimwonyesha karani kwa fimbo. "Warumi walikuwa na neno vilis, kitu cha bei rahisi. Walikuwa na lingine, pendere, kutundika. Na kwa vile walipima vitu kwa kuvitundika, kama huyu, hilo hilo likawa pia kupima. Sasa unganisha. Unapata mtu anayetundika kitu kizuri kwa mizani halafu anakisoma kama takataka. Hiyo ndiyo vilipend."

Neno hilo halikutokea katika mtihani hata mmoja. Lakini wanafunzi walisahau mashairi, wakasahau sarufi, wakabaki nalo. Wakalipeleka makwao, na mama zao wakalipenda. Baada ya miaka kadhaa ungeweza kumsikia mama aliyevaa gamubuti akimwambia karani, "Wewe kijana, usinivilipendi majani." Mama mmoja alisimama kanisani akamwomba Mungu amsamehe kwa kumvilipendi jirani, na mchungaji, ambaye alitoka upande wa Mulot na hakuwa na habari, akadhani ni dhambi ya mwili.

Mwalimu mwenyewe aliona kuvilipendi kila mahali. Serikali ya kaunti ilivilipendi barabara, kiwanda kilivilipendi mkulima, jirani alimvilipendi mbwa wake kwa kusema amekonda. Nyumbani kwake tu ndipo hakuliona.

Watoto wake wa kiume walikuwa wamejenga mbali. Aliyebaki nyumbani ni kitinda mimba, Chepngetich. Alipofaulu mtihani wa kidato cha nne, mkuu wa shule alikuja mwenyewe kwa miguu kuleta habari. Mwalimu akasema, "Wengine pia wamepita." Mama yake, Edinah, alipougua na kulazwa msimu mzima wa mvua, ni Chepngetich aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda. Wageni walipouliza habari zake, Mwalimu akasema, "Huyo alienda kukalia viti vya hospitali." Na shamba la chai, ambalo Mwalimu alikuwa ameliachia hadi mimea ikawa miti, ni Chepngetich aliyeingia na panga akalipogoa lote, likabaki vigogo vitupu. Majirani wakaja kutoa pole. Chai ilipochipuka upya, kijani kibichi kutoka kona hadi kona, Mwalimu alisimama ukingoni akaangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hata msitu huota."

Kila mara Chepngetich alicheka, kicheko kifupi cha kushusha macho, akaendelea na kazi yake. Mwalimu alidhani wanaelewana.

Kisha akaja Sagini. Alikuwa Mkisii, mtoto wa Fort Ternan, na kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Aliitwa kwa ajili ya ng'ombe mmoja mkaidi wa Mwalimu. Ng'ombe akashika mimba palepale, lakini Sagini akaendelea kuja kumkagua.

"Kijana," Mwalimu alimwuliza siku moja, "wewe unakuja kuangalia nini hapa?"

"Naangalia ng'ombe, mwalimu."

Ng'ombe alikuwa malishoni, upande wa pili wa kijito. Wote wawili walilijua hilo, wakalinyamazia kwa heshima.

Mambo yalipoiva, baba yake Sagini, mzee Bogonko, akaja na mkewe Nyambeki na wazee wawili wa kanisa lao. Bogonko alikuwa ameshika unyapara katika mashamba makubwa ya chai kule Kericho maisha yake yote, kabla ya kustaafu na kwenda kupanda miwa Fort Ternan. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila neno alilitoa likiwa limepigwa pasi. Wakaketi chini ya turubai uani, wazee wa ukoo wa Mwalimu upande huu, wageni upande ule, na kwa kuwa kila upande haukujua lugha ya mwenzake, mazungumzo yakawa ya Kiswahili.

Bogonko akasema wamesikia kwamba boma hili lina msichana mzuri, na wamekuja kutafuta undugu.

Mwalimu akainuka. Siku hiyo alikuwa katika hali yake bora kabisa.

"Msichana mzuri?" akasema. "Wazee, mmepotezwa njia. Hapa iko kitu inaitwa Chepngetich, lakini sijui kama ndiyo mnatafuta. Hii inalala mpaka jua iwe juu. Ukiiambia iangalie maziwa kwa moto, maziwa yote inamwagika. Ng'ombe inaogopa, ilipigwa teke mara moja na mpaka leo haiwezi kukama. Kule kwa mizani inagombana na karani kila wiki. Na kanisani ikiimba, inatangulia watu wote."

Wazee wa ukoo wake walitikisa vichwa kwa furaha. Lilikuwa toleo zuri sana. Edinah, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, alimtazama mumewe kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Sasa, kwa utaratibu wa pale, mgeni hapo hucheka, akasema huyo huyo ndiye wanayemtaka, hata kama ni kiwete, hata kama ni kipofu, na watu wakaendelea kwa raha. Bogonko hakucheka. Alikuwa ameweka kofia juu ya goti, na aliitazama kofia. Maisha yake yote ya unyapara alikuwa akipokea habari mbaya za watu, na hakuwahi kuona mzazi akimsema mtoto wake namna ile, isipokuwa dhamiri iwe imemkaba koo. Na aliyesema ni mwalimu, tena mzee wa kanisa.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "hayo yote ni ukweli?"

"Nimepunguza," akasema Mwalimu.

Bogonko akashukuru. Akasema wengine wangewaficha, na Mungu atamlipa mwalimu kwa uaminifu wake. Akaomba sala fupi. Wakanywa soda, kuku wakaachwa wakipoa ndani ya sufuria, na gari lao likateremka mlima polepole kwa ajili ya matope.

"Wako na heshima," akasema Mwalimu. "Wameenda kushauriana."

Edinah alianza kukusanya vikombe.

Jioni ile ile, kabla jua halijatua, Chepngetich alimfuata baba yake kwenye ukingo wa shamba la chai.

"Baba, nikuulize."

"Uliza."

"Ile ya kulala mpaka jua iwe juu. Ni kweli?"

"Wewe unaamka wakati gani?"

"Kabla ya jogoo."

"Basi."

"Basi nini?" akasema Chepngetich. "Hiyo ya kulala najua ni uongo. Lakini unanisema tangu nikiwa mtoto, baba. Zingine sijui. Sijui gani ni ya kunificha na jicho baya na gani ni vile mimi niko."

Mwalimu akatabasamu, akingoja kile kicheko kifupi. Hakikuja.

"Nilifikiri unajua," akasema.

"Ningejulia wapi?"

Mwalimu alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya Kipsigis, ya Kiswahili, ya Kiingereza na machache ya Kilatini, na hakupata hata moja.

"Wakirudi," akasema Chepngetich, "mimi nitakuwa jikoni. Useme vile mimi niko. Kama mimi ni mbaya hivyo, nitabaki hapa na hizi ng'ombe. Sitaki kupelekea Sagini mzigo. Lakini nataka kusikia kwa mdomo wako. Usiposema, sitatoka."

Akarudi nyumbani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Mwalimu hofu.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwake. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa jikoni, akakohoa, akamtazama binti yake akipuliza moto, kisha akasema kuni zimelowa. Zilikuwa zimekauka vizuri. Alitaka kumwambia, na alimpenda mtoto yule kuliko macho yake, lakini kila neno jema lilipofika kooni alimkumbuka ndugu yake mdogo, mtoto mnene aliyesifiwa na mgeni asubuhi na kuzikwa kabla ya mavuno. Alijua ilikuwa malaria. Alikuwa amejua kwa miaka mingi, na kujua kulikuwa hakujamsaidia chochote.

Edinah ndiye aliyekwenda. Kulikuwa na mkutano wa akina mama wa makanisa mjini Kericho, na Nyambeki alikuwapo. Edinah akamkalia karibu.

"Mama Sagini," akasema, "kwetu ukisikia mzee anatukana mtoto yake hivyo mbele ya wageni, ujue anampenda mpaka anaogopa. Hiyo ni heshima."

Nyambeki akawaza. "Na sisi tulienda kuomba," akasema. "Tumefunga chakula juu ya huyo msichana."

Habari zikafika Fort Ternan, na Bogonko akaona haya. Alikuwa amekwenda ugenini na kuvunja adabu za watu. Mtu aliyeishi kwa kufuata kanuni hapendi jambo kama hilo limlale kifuani, kwa hiyo akaamua kulirekebisha, na kama kazi zote alizowahi kushika, akajiandaa.

Walirudi baada ya mavuno ya mahindi, na safari hii Sagini alikuwa nao, amevaa koti la suti lililombana mabegani. Turubai lile lile, wazee wale wale. Jikoni vikombe viligongana taratibu.

Bogonko hakungoja. Aliinuka, akavua kofia, akasema siku ile hakuelewa, na sasa ameelewa, naye pia ana kitu cha kusema juu ya mtoto wake.

"Huyu mnamuona hapa," akasema, "ni kijana bure kabisa. Darasa la saba alirudia. Pikipiki anaendesha kama mtu anafukuzwa na nyuki. Akikopa jembe, harudishi."

Wazee wa Mwalimu wakachangamka. Mmoja akapiga goti kofi. Wageni walikuwa wamejifunza, na kwa haraka namna ile. Sagini alimtazama baba yake kwa mshangao, maana hakuna aliyemwambia kitu.

"Hii kazi ya ng'ombe tulimpeleka kwa sababu kazi ya watu ilimshinda," Bogonko akaendelea. Alikuwa amemaliza yale aliyoyaandaa, na kwa kuwa watu walikuwa wakifurahi, akaona si adabu kuketi mapema. Akatafuta jingine. Hakuwa amezoea mchezo huu wala hakujua mipaka yake, akashika lililokuwa karibu. "Kusema ukweli, ndugu yake ndiye alikuwa na kichwa. Yule marehemu. Mungu alichukua yule, akatuachia huyu."

Kofi la pili la goti halikupigwa. Nyambeki aliinamisha uso. Sagini akacheka, kicheko kifupi, akashusha macho akaanza kuliangalia jani lililokuwa chini karibu na kiatu chake.

Mwalimu alikijua kicheko kile. Alikuwa amekisikia siku ya mtihani, siku za hospitali, siku ya chai, na kila siku katikati. Hakuwahi kukiona kikiwa usoni mwa mtoto wa mtu mwingine. Akaona jinsi kijana alivyoketi pale mbele ya watu wote, ametundikwa, na baba yake mwenyewe akimsomea uzito.

Jikoni vikombe vilikuwa vimenyamaza.

"Mzee Bogonko," Mwalimu akasema, akainuka bila kupewa nafasi, "naomba ukae."

Bogonko akaketi.

"Iko neno moja ya Kiingereza," akaanza Mwalimu, na wazee wa ukoo wake wakaguna, maana walilijua. "Tulieni. Leo sitafundisha. Hiyo neno nilionyesha watoto ya watu, mwaka baada ya mwaka, nikiwaonyesha karani. Nilisema muone vile huyu anapima kitu kizuri kama takataka. Karani alikuwa anapunguza ya gunia. Mimi nilipunguza mtoto mzima."

Akaishika mikono yake pamoja nyuma ya mgongo kama alivyofanya darasani.

"Ile siku niliwaambia Chepngetich analala mpaka jua iwe juu. Huyo analala ni mimi. Tangu nistaafu siamki. Maziwa inamwagika mikononi yangu, muulize mama yake. Ng'ombe ilinipiga teke mimi. Karani anagombana na mimi. Kanisani ni mimi natangulia. Nilitafuta makosa ya kumpa, nikakosa, nikampa yangu."

Edinah, kutoka mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hiyo ni kweli."

"Mama yake alipokuwa mgonjwa," akaendelea Mwalimu, "mimi sikulala huko hata siku moja. Nilisema naangalia boma. Niliogopa kumuona akifa. Chepngetich alilala kwa kiti, na mama yake ako hai hapo mlangoni. Ile chai mnaona kule chini, niliiua mimi, na yeye ndiye aliamsha. Alipopita mtihani, nilienda nyuma ya zizi nikapiga magoti kwa mavi ya ng'ombe nikashukuru Mungu, halafu nikarudi nikasema wengine pia wamepita." Macho yake yalizunguka uani, kana kwamba jicho baya lilikuwa limekaa mahali fulani kati ya viti likisikiliza. Akaendelea hivyo hivyo. "Huyo mtoto ni mzuri. Ni mzuri kuliko mimi, na ni mzuri kuliko vile nilistahili. Sijawahi kusema. Leo nimesema, na kama kuna kitu kinasikia, kinichukue mimi."

Utaratibu wa pale haukuwa na jibu la maneno kama hayo. Mzee mmoja wa ukoo alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Bogonko alimgeukia mwanawe. Akasema naye Kikisii, kwa sauti ya chini, maneno mengi kuliko yote aliyoyasema katika safari zake zote mbili. Upande wa Mwalimu haukuelewa hata moja, na hakuna aliyeomba kutafsiriwa. Sagini aliendelea kuliangalia lile jani. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na Nyambeki akampa kitambaa chake.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Chepngetich akatoka na birika.

Alimimina kwa wageni kwanza, kama inavyotakiwa, kisha kwa wazee wa ukoo. Kwa Sagini alimimina bila kumtazama, na kikombe kikajaa hadi pomoni. Mwisho akafika kwa baba yake. Chai ikamwagika kwenye suruali ya Mwalimu, suruali yake ya Jumapili. Wote waliomjua waliona mdomo wake ukifunguka, na wakangoja.

Mwalimu akaufunga.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Basi."

"Basi nini?" akasema Chepngetich, na birika bado liko mkononi.

"Basi ukienda, nitalia," akasema Mwalimu Aron, na kwa kuwa hakuona sababu ya kungoja siku hiyo ifike, akaanza.